Ngazi Kumi na Tisa

Nilipokuwa mdogo, korongo la Susu lilikuwa la kuruka. Kila Desemba tulitoka Mumbuni, ambako wazazi wangu wamepanga nyumba mpaka leo, tukaenda kwake upande wa pili wa Masii, na tukishamsalimia tulikimbia hadi chini ya shamba kuona nani ataruka bila kuchafua magoti. Susu ni nyanya yangu, mama yake baba. Mwaka mmoja binamu yangu aliangukia katikati akavunjika jino. Mwaka uliofuata hakuna aliyejaribu. Nilipomaliza chuo kikuu, ungeweza kusimamisha nyumba mbili humo ndani, moja juu ya nyingine, na bado usione mabati ukiwa shambani.

Nilisomea jiolojia. Watu wakisikia hivyo hudhani najua dhahabu iko wapi. Ninachojua ni majina ya mawe ambayo hakuna anayeniomba niyataje. Nilipata kazi ya miezi minne katika machimbo ya kokoto huko Lukenya, mkataba ukaisha, na baada ya mwaka mzima wa kutuma barua zisizojibiwa nilihamia kwa Susu. Sikuhamia kwa upendo. Nilihamia kwa sababu yeye hakuwa na desturi ya kuniuliza, wakati wa chai, nimepanga nini. Nililala hadi saa tano, nikala muthokoi wa jana, yale mahindi yaliyokobolewa, nikabishana kwenye simu na watu nisiowajua kama Mungu yupo. Susu alipita mlangoni na ndoo yake.

Siku moja nilishuka korongoni kwa kukosa la kufanya, nikapiga picha, nikaziweka mtandaoni. Kabla ya jioni watu walikuwa wanauliza kama hiyo ni Kenya kweli.

Siwalaumu. Ukiwa chini, sakafu ni mchanga mweupe, laini na tambarare, wa kutembelewa hata na mtoto wa miaka minne. Kuta ni nyekundu juu, za manjano katikati, na chini kabisa zina rangi ya chai yenye maziwa mengi. Mvua imezikunja mikunjo mirefu kama nguo iliyoanikwa. Mahali fulani zinakaribiana hadi inabidi upite kwa bega. Kisha panafunguka uwanja wenye nguzo za udongo, ndefu kuliko mtu, kila moja na jiwe bapa kichwani, na moja inafanana na ngamia aliyekataa kusimama. Unatembea dakika arobaini bila kupanda wala kuhema mpaka korongo linapokutana na mto wa mchanga.

Wageni walianza kuja niwatembeze, wakaliita jangwa. Wengine walisema ni kama yale mabonde ya mawe ya mchanga wanayoyaona kwenye picha za ng'ambo. Kundi la kwanza niliwaambia ukweli: hili si jangwa, na haya si mawe ya mchanga. Jangwani mvua imekataa kuja. Hapa inakuja mara mbili kwa mwaka na kuondoka na shamba. Hizo rangi mnazozipiga picha ni mahindi ambayo hayataota. Nyuso zao zilisikitika kwa namna ya watu waliolipa nauli, nikaona afadhali ninyamaze. Kundi la pili niliwaambia ni jangwa.

Sasa niseme kuhusu babu. Alizikwa kwenye tuta la mwisho la kukinga maji, upande wa chini wa shamba, kwa sababu tuta hilo alilichimba mwenyewe na alitaka kulala pale. Siku hiyo korongo lilikuwa mbali. Ungemtuma mtoto akalitazame na ukasahau kwamba umemtuma. Kaburi lilisakafiwa kwa saruji, likawekwa msalaba ambao mzee hakuwahi kuuomba, na juu ya msalaba liliandikwa jina ambalo ni langu pia. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na nyanya humwita mume wake. Ndivyo Susu anavyoniita tangu nikiwa kwenye nepi. Mume wangu, umekula? Mume wangu, kuku wameingia jikoni na wewe unatazama tu.

Ubavuni mwa ile saruji Susu aliacha nafasi ya mtu mmoja. Hakupanda mahindi hapo, wala kunde. Alipalilia mwenyewe kila mwezi, akiwa amepiga magoti, na ukimuuliza alisema, "Hapo ni pangu." Katika maisha yangu yote sijamsikia Susu akitaka kitu kingine. Nguo alivaa alizopewa. Simu alikataa. Alitaka kulala hapo.

Mwaka niliohamia, ukingo wa korongo ulikuwa hatua thelathini na mbili kutoka kaburini. Nilizihesabu, kama mtu wa fani yangu anavyopaswa, kisha sikufanya chochote na hesabu hiyo.

Tatizo la njia yangu lilikuwa mahali pa kuingilia. Kutoka upande wa mto, ungezunguka saa nzima kupitia mashamba ya watu watatu, na kila mmoja ana mbwa na maoni. Wageni walikuja na viatu visafi. Nilichohitaji ni njia rahisi, ya kushuka moja kwa moja kutoka nyumbani. Na mahali pekee ambapo ukuta ulilala kidogo ni kwenye kichwa cha korongo, pale linapoanzia, chini kidogo ya kaburi. Nilichukua sururu. Kwa wiki moja nilichonga ngazi kumi na tisa kwenye udongo mgumu, nikafunga kamba ya kushikilia, na kutoka mlangoni kwa Susu nikafyeka kijia kilichonyooka, kikikata matuta yote manne mpaka ngazi ya kwanza. Susu aliniletea chai huko chini kila asubuhi kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa kitambaa.

Jumatano ni siku ya mwethya. Wanawake kumi na wawili au zaidi wanakutana kwenye shamba la mmoja wao, wanachimba matuta na mitaro kwa pamoja, wanaimba, wanasengenya, shamba likiisha wanaenda kwa mwingine. Wamefanya hivyo tangu kabla baba hajazaliwa, na bila wao hii wilaya nzima ingekuwa njia yangu ya utalii. Wana sheria ambayo haijaandikwa popote: njia inayoteremka moja kwa moja hufungwa. Ng'ombe wakipitisha njia mteremkoni, wanaifunga kwa miiba. Watoto wa shule wakipitisha, wanapanda makonge katikati yake. Mtu apite kwa kuzunguka, na akichelewa ni shauri lake.

Jumatano hiyo ilikuwa zamu ya Susu. Mwenyekiti wao ni mwanamke mfupi anayevaa gambuti za marehemu mumewe. Alisimama juu ya ngazi zangu, mikono kiunoni.

"Hii ni nini?"

"Ni ngazi, mama."

"Ngazi naona. Inapeleka nani wapi?"

"Wageni. Wanashuka kutazama korongo."

"Wanatoka Nairobi kutazama korongo." Aliwageukia wenzake. "Nyinyi, kumbe tumekalia mali. Hata mimi niko na kengine nyuma ya choo, kadogo. Waambie wakuje wakaone kakiwa bado kachanga."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea jembe. Hata mimi nilicheka.

"Funga hii kitu," alisema, kwa sauti ileile. "Maji itapita hapa."

Nilimweleza. Korongo, nilisema, hukatwa kutoka chini. Maji hupenya ardhini, hutokea kwenye sehemu laini ya ukuta, hula mguu wake, na ukuta huanguka wenyewe. Ngazi kumi na tisa juu yake si kitu. Nilichora kwa kijiti kwenye vumbi. Ilikuwa nusu ya ukweli, na niliisema vizuri, kwa sababu nusu ya ukweli ndiyo waliyotutahini chuoni.

"Mlisoma hiyo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mvua ilikuwa darasa moja na wewe?"

Wiki iliyofuata nilikuta matawi ya miiba yamerundikwa kwenye ngazi ya kwanza. Niliyaondoa, nikachanika mikono. Wiki iliyofuata tena nilikuta makonge yamepandwa safu tatu kukatiza kijia changu. Niling'oa yote. Nilijiambia ni wivu. Kwamba hawa watu, mwenzao akijaribu kitu kipya, kazi yao ni kukivuta kirudi chini. Niliandika hayo mtandaoni, marefu, na watu wengi wasiojua jembe lina ncha ngapi walinipongeza. Mimi ninayejisifu kwamba siamini kitu bila kukihoji, hilo sikulihoji hata kidogo.

Jumatano ya tatu walikuja wakiwa na makonge mengine. Susu alitoka jikoni akashuka polepole hadi tulipokuwa tumesimama, mimi upande huu na wao upande ule.

"Mama," mwenyekiti alimwambia, "huyu mume wako anakuchimbia."

"Mwacheni."

"Mama, hapo chini kuna mzee."

"Najua ni nani yuko hapo. Nililala na yeye miaka arobaini, na alikuwa anakoroma. Mwacheni kijana."

Wanawake walitazamana. Kisha mwenyekiti aliokota makonge yake moja moja, akayafunga, wakaenda kuchimba tuta la juu. Hawakuimba siku hiyo. Mimi nilidhani nimeshinda.

Kiangazi kilikuwa changu. Kila Jumamosi walikuja, saba, kumi, mara moja ishirini na watatu kutoka ofisi fulani ya Syokimau, wote na fulana za rangi moja. Nilikuwa mzuri kwenye kazi ile, sijui kwa nini niseme vinginevyo. Nilijua mahali pa kuwasimamisha ili mwanga uingie pale kuta zinapokaribiana. Nilijua kunyamaza. Mwanamke mmoja wa ofisi ile aliona kaburi alipokuwa akingojea zamu ya kushuka, akasoma msalaba, akanitazama.

"Kumbe ulikufa na hukutuambia?"

Nilimsimulia habari ya jina, na Susu kuniita mume, na nafasi iliyoachwa. Alishika kifua. Alisema ni kitu kizuri zaidi alichosikia mwaka huo, akapiga picha ya nafasi tupu. Tangu siku hiyo niliwasimulia wote. Nilikuwa nimefika mahali pa kuwaonyesha wageni kaburi la babu yangu na la nyanya yangu ambaye alikuwa hai, jikoni, akiwachemshia maji ya chai.

Miguu yao ilikuwa ikifanya kazi yake. Kijia kilizama kikawa kama mfereji, kigumu, kinang'aa. Pale kilipokata kingo za matuta, kingo zilishuka: kiganja kimoja, viwili, halafu zikawa sawa na ardhi. Nilipita hapo kila siku. Niliona. Nadhani niliona.

Mvua ya Novemba ilianza Jumanne baada ya chakula cha mchana. Haikuwa kubwa kuliko mvua nyingine. Tuta la juu lilijaa kama linavyopaswa kujaa, lakini badala ya maji kutulia yakanywewa na ardhi, yalipata pengo la kijia changu yakatoka. Yakaingia tuta la pili, yakachukua ya huko, yakatoka. La tatu. La nne. Kufikia ngazi ya kwanza yalikuwa yamekuwa kitu kimoja chekundu chenye sauti. Nilikimbia na koleo, nikatupa mawe, nikatupa gunia la mchanga, nikatupa mlango wa banda la kuku. Ngazi ziliondoka kuanzia ya chini. Niliziona zikienda, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule niliozichonga, ila kinyume. Nilipogeuka, Susu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Hakuniita. Hakuniambia nirudi wala niendelee.

Mvua ilipokatika nilihesabu hatua kumi na moja kutoka ukingoni hadi kaburini. Ikanyesha tena Jumatano usiku kucha, na Alhamisi.

Ijumaa asubuhi kaburi lilikuwa limesimama peke yake. Saruji ilikuwa imekinga udongo uliokuwa chini yake, na maji yakala pande tatu, ikabaki nguzo moja iliyoshikana na shamba kwa shingo nyembamba, na ile saruji na msalaba juu yake. Ndivyo nguzo zote za kule chini zilivyotengenezwa, kila moja chini ya jiwe lake. Nilikuwa naieleza kila Jumamosi. Ilikuwa nzuri. Wazo hilo lilikuja lenyewe, kabla ya mengine yote: kwamba ingetoka vizuri kwenye picha. Sijalisahau na sitegemei kulisahau.

Nafasi ya Susu haikuwapo. Haikuwa imepasuka wala kuzama. Ilikuwa imeenda, na nyasi zake zilizopaliliwa zilikuwa mahali fulani kwenye mto wa mchanga, au tayari zimepita.

Wanawake wa mwethya walifika Ijumaa hiyohiyo, ingawa haikuwa siku yao. Nilimngojea mwenyekiti aniambie, "Nilikuambia." Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na jibu. Alinipa ncha ya kamba.

"Shika hapo. Usiachilie hata ukiniona naanguka."

Chifu aliruhusu tumhamishe babu. Makaburi ya kanisa hayakuwezekana, kwa kuwa babu hakubatizwa; padre alisema hivyo kwa upole mwingi, akishika mkono wa Susu. Nyumbani palibaki mahali pamoja tu pasipo mwamba wala mteremko, kati ya tangi la maji na ua wa jirani, pana kama mlango. Jirani hakukubali hata futi moja ndani ya ua wake. Sikumlaumu. Kwetu kaburi ni hati ya shamba kuliko hati yenyewe, na nani atakubali kuamka akute hati ya mwingine kwake?

Mahali pamoja, watu wawili. Susu aliamua bila kuulizwa.

"Muweke yeye. Mimi niko na kanisa."

Tulimtoa babu mchana, jua likiwaka, kwa shuka jipya. Hakuwa mzito. Wanawake ndio waliofanya, mimi nilishika kamba. Susu alikaa kwenye kiti nje ya jikoni akiwa ametugeuzia mgongo, akichambua maharagwe.

Jioni nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimechafuka udongo hadi masikioni.

"Susu, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba maji yangepita pale."

"Nimelima hapa toka niolewe. Mtu anajua maji."

"Basi kwa nini uliwaambia waniache?"

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupia kuku.

"Ulikuwa unalala hadi saa tano," alisema.

Nilingojea aendelee. Aliuliza kama nimefunga mbuzi.

Nimelizungusha jibu hilo miezi mingi, na kila nilikolishika limenikata. Ningependa angekasirika. Hasira ningeijibu. Ningemwambia kwamba hata bila ngazi zangu korongo lingefika, labda kwa miaka kumi, labda kumi na tano, na kwamba hilo ni kweli, nimelipima. Lakini angekuwa amekufa na kulala pale kwa muda, hata kama ni muda mfupi. Ningemuuliza alipata wapi haki ya kunipa kitu kikubwa hivyo bila kunijulisha bei. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada. Angeniambia. Kisha nakumbuka kwamba niliambiwa, na watu kumi na wawili, wiki tatu mfululizo.

Sasa naamka mapema, kwa sababu nikichelewa kuamka naona anavyopita mlangoni. Sina ninachoamkia. Wanawake wamepanda makonge kwenye kile kilichokuwa kijia, na mimi nimeyapanda pamoja nao, na mwenyekiti hunirekebisha jinsi ya kushika jembe. Makonge huchukua miaka kushika udongo. Kichwa cha korongo kimegeuka kidogo na sasa kinatazama nyumba. Wageni bado wananiandikia wakiuliza kama njia iko wazi.

Mwezi wa pili Susu alinitaka nimpeleke Masii, kwenye makaburi ya kanisa, akapaone. Tulienda siku ya soko. Ni uwanja nyuma ya kanisa, umezungushiwa waya, misalaba imepangwa kwa mistari kama mimea kitaluni, na wengi wa waliolala humo ni walimu na wenye maduka asiowajua. Alitembea kati ya mistari, akisoma majina yale anayoweza kuyasoma. Mwisho wa mstari wa nne alisimama, akasugua udongo kwa kiatu.

"Ni pazuri," nilisema. "Ni tambarare kabisa. Hapa maji hayawezi kufika."

"Hata mzee hawezi," alisema.

Alijifunga leso upya, akauliza duka la mbegu linafungwa saa ngapi, maana alitaka kunde za kupanda kabla mvua haijaanza. Azipande wapi, sasa kwa kuwa hana tena nafasi ya kuiacha tupu, sikumuuliza.